Kibali mkononi, bei chini: Wakulima wa bangi Humboldt na sheria waliyoiogopa

Na Mwandishi Wetu

Machi 2010, wakulima, wenye maduka, wanamuziki na wazee wa mji walijazana katika ukumbi wa jamii wa Mateel, pale Redway, kaskazini mwa jimbo la California, Marekani. Waliitana wajadili jambo moja tu: bangi ikihalalishwa, tutakula nini?

Kwa mgeni, kikao hicho kilikuwa kioja. Bangi ilikuwa haramu. Ndani ya ukumbi walikuwamo watu waliozeeka wakijificha na helikopta za polisi, waliolala porini wakilinda miche, waliozika fedha ardhini kwa kuogopa benki. Mtu angedhani wanaomba usiku na mchana sheria ilegezwe. Kumbe walikuwa wanaomba isilegezwe.

Hesabu yao haikuwa ngumu. Zao linalokatazwa hulimwa na wachache wenye moyo, tena mbali na barabara, na kwa hiyo huuzwa ghali. Siku likiruhusiwa litalimwa bondeni, kwenye ardhi tambarare yenye maji na umeme, na watu wenye mitaji. Nani tena atapanda milima ya Humboldt kulifuata?

Novemba mwaka huohuo wapigakura wa California waliulizwa kama bangi ihalalishwe kwa starehe, kupitia Pendekezo Namba 19. Pendekezo lilishindwa. Kaunti za Humboldt, Mendocino na Trinity, ambazo kwa pamoja huitwa Pembetatu ya Zumaridi kwa sababu ya zao hilo, zote tatu zilisema hapana.

Miaka sita baadaye, Novemba 2016, swali lilirudi kama Pendekezo Namba 64. Safari hii lilipita kwa asilimia 57 ya kura za jimbo, na Humboldt nayo ilikubali. Kilichofuata ndicho kile ambacho watu wa Redway walikihofia, ingawa njia kilichopitia hawakuitarajia.

Magogo, mahipi na helikopta

Humboldt ni kaunti ya milima na ukungu kwenye pwani ya Pasifiki. Ukubwa wake, zaidi ya kilomita za mraba 10,000, ni mdogo kidogo kuliko Mkoa wa Kilimanjaro, lakini sensa ya 2020 ilikuta wakazi 136,000 tu. Huko ndiko inakoota miti ya redwood, mirefu kuliko yote duniani, na kwa miaka mingi uchumi wa kaunti ulikuwa shoka, msumeno na samaki.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 walianza kuingia vijana wa mijini, mahipi, waliochoshwa na vita vya Vietnam na maisha ya San Francisco. Walinunua kwa bei ya chee mashamba ambayo kampuni za magogo zilikwisha kuyakata miti. Walijenga vibanda, wakafuga mbuzi, wakalima mboga. Na bangi kidogo ya kuvuta wenyewe.

Baadaye wakagundua kwamba ukiung'oa mmea dume mapema, jike lisilopata mbelewele hutoa maua mazito yasiyo na mbegu. Maua hayo wanunuzi waliyagombania. Viwanda vya mbao vilipoanza kudorora, mtoto wa mkata magogo naye akahamia kwenye zao la mtoto wa hipi.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 1983 California ilianzisha operesheni ya pamoja ya jimbo na shirikisho ya kufyeka mashamba, iliyojulikana kwa kifupi chake, CAMP. Kila msimu wa mavuno helikopta zilizunguka juu ya milima, askari wakashuka kwa kamba na mapanga. Mwaka 1990 wakaletwa hata wanajeshi, katika operesheni iliyofagia eneo la King Range. Redio ya jamii ya KMUD, pale Redway, ilikuwa ikiwatangazia wasikilizaji misafara ya polisi imeonekana barabara gani, kama vile redio za mijini zinavyotangaza foleni.

Lakini kila shamba lililofyekwa liliyapandisha thamani yaliyobaki. Ratili moja ya maua, yaani pungufu kidogo ya nusu kilo, ilifika dola 4,000. Kwa maneno mengine, helikopta zilizokuja kuwafukuza wakulima ndizo zilizokuwa zikiwalindia bei.

Helikopta zilizokuja kuwafukuza ndizo zilizokuwa zikiwalindia bei.

Fedha hiyo haikuingia kwenye vitabu vya hesabu, lakini ilionekana. Vikosi vya zimamoto vya kujitolea, shule ndogo za milimani na zahanati zilichangiwa na watu ambao hakuna aliyewauliza wamezipata wapi. Ukumbi wa Mateel wenyewe ulijiendesha kwa miaka kwa tamasha la rege la kando ya mto, lililoanza mwaka 1984. Vuli ilipofika, vijana kutoka kila pembe ya dunia walimiminika katika mji wa Garberville na mikasi yao kuchambua maua, wakilipwa kwa ratili.

Ulikuwapo pia upande ambao haukuimbwa kwenye tamasha. Biashara ya fedha taslimu na bunduki, mbali na kituo cha polisi, huzaa ujambazi na mauaji, na Humboldt ilijulikana pia kwa watu waliopotea bila kaburi kuonekana.

Aliyeandikishwa akaja kuvamiwa

Kabla ya Humboldt kuandika kanuni zake, jirani yake Mendocino alijaribu. Kisa hicho kinasaidia kueleza kwa nini mkulima wa milimani akiona fomu ya serikali hushika kofia yake na kuondoka.

California iliruhusu bangi ya tiba mwaka 1996 lakini haikusema wazi nani ailime wala kiasi gani. Pengo hilo sherifu wa Mendocino, Tom Allman, aliamua kulijaza kwa akili ya kijijini. Kuanzia mwaka 2010 mkulima wa bangi ya tiba aliweza kujiandikisha kwake, akalipa ada, akakaguliwa, kisha akapewa vifungo vya plastiki vyenye namba, kama vile vya kufungia nyaya. Kila mmea ulifungwa chake. Mwisho wa idadi ulikuwa mimea 99. Askari akipita na kukuta vifungo, anaendelea na safari yake.

Mpango ulifanya kazi. Kaunti ilipata mapato, mkulima alilala usingizi. Lakini sheria ya shirikisho ilikuwa palepale, bangi ni haramu. Oktoba 2011 maofisa wa shirikisho walivamia na kufyeka shamba moja lililokuwa ndani ya mpango huo. Mwanzoni mwa 2012, baada ya waendesha mashtaka wa shirikisho kutishia kuifikisha kaunti mahakamani, baraza la Mendocino liliufuta. Mwaka huohuo serikali kuu ikadai kumbukumbu za walioandikishwa.

Waliojitokeza kutii ndio waliokuwa na majina kwenye karatasi. Majirani zao waliobaki porini hawakuwa na karatasi yoyote.

Kalvati, tangi na mhandisi

Mwaka 2015 bunge la California hatimaye lilitunga mfumo wa leseni za bangi ya tiba. Mfumo huo uliweka sharti moja lililobadilisha kila kitu: huwezi kupata leseni ya jimbo bila kibali cha kaunti au mji unakolima. Pendekezo Namba 64 lilibakiza uamuzi mikononi mwa serikali za mitaa. Kaunti ikitaka kukataa kabisa, ruksa.

Humboldt haikukataa. Mapema 2016 baraza lake la wajumbe watano lilipitisha kanuni za matumizi ya ardhi kwa kilimo cha bangi, miongoni mwa za kwanza California, na likatoa muda wa kuomba hadi mwisho wa mwaka. Maombi zaidi ya 2,300 yaliingia. Makadirio ya mashamba yaliyokuwapo milimani yalikuwa kati ya 10,000 na 15,000. Yaani hata katika siku za matumaini makubwa, wengi hawakujitokeza.

Waliojitokeza walikutana na hesabu mpya. Barabara ya vumbi ya kwenda shambani lazima ikaguliwe na mhandisi. Kila kalvati ndogo isiyopitisha mafuriko ing'olewe, iwekwe kubwa. Kisima kiwe na hati, bwawa liwe na michoro. Idara ya wanyamapori ina mkataba wake wa kijito, bodi ya maji ina usajili wake, kaunti ina mpango wake, na jimbo lina leseni yake ya kila mwaka. Wapo waliotumia zaidi ya dola 100,000 kabla ya kuuza hata ua moja la halali.

Kodi nazo zilikuwa zinasubiri mlangoni. Mwaka 2016 wapigakura wa Humboldt walipitisha kodi ya kaunti, Kura S: dola 1 kwa kila futi ya mraba ya shamba la wazi, dola 2 kwa kitalu nyumba chenye taa za kusaidia jua, dola 3 kwa kilimo cha ndani. Shamba la futi za mraba 10,000, ambalo ni chini kidogo ya robo eka, lilidaiwa dola 10,000 kwa mwaka. Kodi ilihesabiwa kwa ukubwa wa eneo. Mvua ya mawe ikipiga, moshi wa moto wa msituni ukiharibu maua, eneo halipungui.

Jimbo nalo lilitoza kwa uzito. Kufikia 2022 kodi ya kilimo ilikuwa dola 10.08 kwa wakia moja, sawa na dola 161 kwa ratili, bila kujali ratili inauzwaje. Hapa ndipo mtego ulipofichwa. Ratili ikiuzwa dola 1,200, kodi hiyo ni kama asilimia 13 na inabebeka. Ikiuzwa dola 400, kodi ni asilimia 40 ya mauzo, kabla ya mbolea, umeme, vibarua na lile deni la mhandisi.

Na ilifika dola 400.

Kodi haikujali ratili inauzwaje. Ilipofika dola 400, asilimia 40 ilikuwa ya jimbo.

Sentensi iliyotoweka

Kwa nini bei iliporomoka? Sababu zipo nyingi. Zaidi ya nusu ya miji na kaunti za California hazikuruhusu maduka ya bangi, kwa hiyo mazao ya halali yalikosa pa kuuzwa. Sheria ya shirikisho inakataza kuyavusha mpaka wa jimbo, wakati soko haramu halijui mpaka. Wakati wa janga la korona watu walijifungia ndani, wakavuta zaidi, wakulima wakaona bei nzuri wakaongeza mashamba, kisha wanunuzi wakarudi makazini.

Hata hivyo ipo sababu moja inayostahili kukaliwa kitako, kwa sababu haikuletwa na soko wala virusi. Ililetwa na kalamu.

Wakati wa kampeni za 2016 wakulima wadogo waliambiwa wasiogope. Leseni za mashamba makubwa, yanayozidi eka moja, zisingetolewa hadi mwaka 2023. Wadogo wangepata miaka mitano ya kujipanga, kujenga majina na kupata wanunuzi. Kwa ahadi hiyo wengi waliiunga mkono sheria.

Novemba 2017, wiki chache kabla ya soko kufunguliwa tarehe 1 Januari 2018, wasimamizi wa jimbo walitoa kanuni za dharura. Kikomo cha eka moja kwa mkulima, ambacho watu walikitarajia, hakikuwamo. Leseni kubwa kweli hazikutolewa, lakini hakuna kilichomzuia mtu mmoja kuchukua leseni ndogo 20, 50 au 100 na kuzipanga pamoja kama matofali. Chama cha wakulima wa jimbo kilifungua kesi Januari 2018, lakini baadaye kiliiondoa mahakamani.

Waliofaidi walikuwa mbali na milima ya Humboldt. Kusini, katika Kaunti ya Santa Barbara, mji wa Carpinteria ulikuwa na vitalu nyumba vya maua vilivyokosa kazi baada ya waridi za bei nafuu za Colombia kuliteka soko la Marekani. Msomaji aliyewahi kupita Naivasha atapata picha: paa baada ya paa, maji ya bomba, barabara ya lami, mashine za joto. Walichohitaji kufanya ni kung'oa maua na kupanda bangi. Kufikia 2019 Santa Barbara ilikuwa imeipita Humboldt kwa wingi wa leseni za kilimo cha bangi, na wakazi wa Carpinteria walikuwa wakilalamikia harufu kama ya kicheche inayoingia hadi madarasani.

Wakulima wa Humboldt wanaolaumu makaratasi ya kaunti yao wana haki ya kuchoka. Lakini makaratasi yaliwapunguzia faida. Kilichowanyang'anya soko ni sentensi moja iliyokosekana kwenye kanuni za jimbo.

Maji hayana pande mbili

Ingekuwa rahisi kuwafanya wakulima wadogo mashujaa wa hadithi hii na kuwafanya maofisa wa mazingira wasumbufu wake. Vijito vya Humboldt vinakataa.

Kaskazini mwa California mvua hunyesha majira ya baridi. Kiangazi ni kikavu. Bangi ya nje hukua kiangazi. Mmea huwa na kiu kali zaidi Agosti na Septemba, miezi ambayo vijito vimebaki uzi. Ndani ya uzi huo wamo vifaranga vya samaki aina ya salmoni, wakiwamo wa jamii ya coho, ambao tangu 1997 wanalindwa na sheria ya shirikisho kama spishi iliyo hatarini.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na wataalamu wa idara ya wanyamapori ya California ulichunguza mabonde manne ya vijito, ukikadiria mmea mmoja kunywa lita 22.7 kwa siku. Katika bonde lililoathirika kidogo zaidi, bangi ingeweza kupunguza maji ya kiangazi kwa asilimia 23. Katika mabonde mengine matatu, mahitaji ya bangi yalizidi maji yote yaliyokuwamo kijitoni.

Ipo pia sumu ya panya, ambayo baadhi ya wakulima haramu waliizungushia miche. Mwaka 2012 watafiti walipima mizoga 58 ya mnyama wa msituni wa jamii moja na kicheche, anayeitwa fisher, na wakaikuta sumu hiyo katika mizoga 46. Haki isemwe: mito hiyo ilianza kuumizwa na kampuni za magogo, ambazo barabara zake mbovu zilimwaga udongo majini miaka mingi kabla ya mche wa kwanza wa bangi. Lakini samaki haulizi nani alitangulia.

Ndiyo maana kanuni ya maji ya California, iliyopitishwa mwaka 2017, ni kali na inaeleweka. Mwenye leseni haruhusiwi kuchota maji ya kijito kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Oktoba. Atayavuna majira ya baridi, ayahifadhi, amwagilie kwa matone. Matangi ya kijani na bwawa lililotandikwa plastiki ni alama za shamba halali milimani leo. Tangi ni ghali, lakini sharti hili, tofauti na mengine, lina sababu ambayo mkulima anaweza kwenda kuitazama kwa macho yake pale kijitoni.

Maji yakitumiwa kama rungu, mambo hugeuka. Katika Kaunti ya Siskiyou, inayopakana na Humboldt upande wa kaskazini mashariki, kilimo cha bangi cha biashara kimepigwa marufuku. Familia nyingi za Wahmong, jamii yenye asili ya Laos, zilinunua viwanja vikavu karibu na Mlima Shasta, na wengi walilima. Mei 2021 kaunti ilizuia maboza ya maji kupita bila kibali kwenye barabara zilizotajwa kwa majina, nyingi zikiwa za mitaa hiyo. Boza lililopeleka maji ya bangi ndilo lililopeleka maji ya kunywa, ya kuoga na ya mifugo, tena katika kiangazi cha moto wa msituni. Septemba mwaka huo jaji wa shirikisho, Kimberly Mueller, aliamuru utekelezaji usimame.

Kaunti iliyobadili mawazo mara mbili

Wanaosema serikali za mitaa ziachiwe kila kitu hawana budi kuitazama pia Calaveras, kaunti ya milimani mashariki ya jimbo ambayo Mark Twain aliipa umaarufu kwa hadithi ya chura.

Moto wa msituni wa Septemba 2015 uliteketeza majengo zaidi ya 900 huko. Kaunti ilihitaji fedha. Mei 2016 ikafungua mlango kwa wakulima wa bangi, kila mwombaji akilipa ada ya dola 5,000, na zaidi ya 700 wakalipa. Wengine walihama kutoka kaunti nyingine, wakanunua ardhi, wakachimba visima. Wapigakura wakaongeza kodi. Kisha uchaguzi ukabadili sura za barazani, na Januari 2018 baraza jipya likapiga marufuku kilimo cha biashara kwa kura tatu dhidi ya mbili. Ada zilikwisha kuliwa. Wakulima wakaenda mahakamani. Oktoba 2019, baada ya uchaguzi mwingine, kaunti ikaruhusu tena.

Mkulima wa mahindi hupangiwa na mvua. Wa Calaveras alipangiwa na kura moja ya diwani.

Setilaiti badala ya helikopta

Humboldt yenyewe iliendelea kukaza. Mei 2018 ilitoa kanuni za pili, zikiweka kikomo cha vibali 3,500 na eka 1,205 kwa kaunti nzima, vilivyogawanywa kwa mabonde ya mito ili kijito kimoja kisielemewe. Vibali vilivyotolewa havikuwahi kukaribia idadi hiyo.

Kwa wasio na kibali, kaunti ilianza kununua picha za setilaiti. Ofisa anakaa Eureka, makao makuu ya kaunti, anaona kitalu nyumba kwenye kompyuta, anatuma barua: siku kumi za kurekebisha, ama faini ya dola 6,000 hadi 10,000 kwa siku kwa kila kosa. Njia hiyo ilifyeka mashamba haramu mengi.

Pia iliwapata wasiohusika. Kulikuwa na watu walionunua ardhi na kukuta banda au tuta la udongo lililoachwa na mkulima wa zamani, wakajikuta wanadaiwa faini kubwa kuliko thamani ya shamba. Mwaka 2022 baadhi yao waliishtaki kaunti. Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa iliifufua kesi hiyo, iliyokuwa imetupwa na mahakama ya chini, na kuruhusu dai la faini zilizopita kiasi lisikilizwe.

Wakati huohuo Garberville ilikuwa inapoa. Maduka ya udongo, mbolea na mabomba ya matone yalifunga. Migahawa iliyokuwa ikijaa Oktoba ilipunguza siku za kazi. Mwaka 2022 baraza lilikata kodi ya Kura S kwa asilimia 85, na Julai mwaka huo jimbo likaifuta kodi yake ya kilimo. Kwa wengi ahueni hiyo ilikuja wakati jembe lilikwisha kuwekwa chini.

Robo eka kwa kura

Ndipo ikaja Kura A.

Wakazi wa maeneo kama Kneeland, ambao hawakuhamia milimani ili walale na mngurumo wa jenereta, walikusanya saini. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: kaunti imetoa vibali kwa mashamba makubwa mno, barabara nyembamba zimejaa malori, taa za vitalu zinafukuza usiku, visima vinashuka. Walitaka mashamba mapya yasizidi futi za mraba 10,000 na idadi ya vibali isimamishwe karibu na iliyopo. Walisema wanamtetea mkulima mdogo.

Wakulima wadogo walikataa kutetewa hivyo. Chama chao, Humboldt County Growers Alliance, kilionyesha kwamba ndani ya kurasa nyingi za pendekezo neno "upanuzi" lilitafsiriwa kwa upana kiasi kwamba hata mtu aliyetaka kuongeza tangi la maji, lilelile analodaiwa ili asichote kijitoni, angeweza kukwama. Zaidi ya hayo, kanuni iliyopitishwa kwa kura ya wananchi haibadilishwi na baraza. Kila kosa la uandishi lingesubiri uchaguzi mwingine. Wataalamu wa kaunti nao walionya.

Pande zote mbili zilikuwa na la kusema. Waliotaka kikomo walikuwa sahihi kuhusu ukubwa; kama jimbo lingekuwa na kikomo chao mwaka 2017, huenda wasingekuwa na sababu ya kukusanya saini. Lakini kikomo kilichowekwa Humboldt peke yake, huku Santa Barbara wakipanga leseni kama matofali, kingemfunga kamba aliyekwisha kuanguka.

Kikomo cha Humboldt peke yake kingemfunga kamba aliyekwisha kuanguka.

Mjadala huo wa mkulima mdogo na mkubwa si wa Marekani tu. Rwanda, ambako Kiswahili ni lugha rasmi, iliruhusu mwaka 2021 kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje pekee, kwa masharti ya ulinzi yanayotaja uzio, minara ya walinzi na kamera. Malawi ilipitisha sheria yake mwaka 2020, na Lesotho ilitangulia Afrika kwa leseni za 2017. Tanzania na Kenya bado zinakataza. Mwenye kujenga uzio wa namna hiyo si yule mkulima ambaye kwa miaka amekuwa akikimbizana na polisi kwa magunia mawili.

Tarehe 5 Machi 2024 Humboldt ilipiga kura. Karibu robo tatu ya wapigakura waliikataa Kura A, kwa hiyo kanuni za 2016 na 2018 zikabaki zilivyokuwa. Siku 27 baadaye, tarehe 1 Aprili, wenye leseni walifunga pampu zao za vijitoni kama kanuni inavyodai, wakaanza kumwagilia kwa maji ya matangi.